KIAPO CHA MSHABIKI
Masuala ya kukata neno juu ya ubingwa wa mpira kabla ya msimu kwisha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua yaliyopita na yajayo, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Yajulikana kwa kila akaaye Kasense, katika mji wa Sumbawanga, kwamba jioni za kipupwe katika nyanda za Ufipa zina baridi ya kuuma mifupa, na kwamba watu hukusanyika palipo na joto. Zamani joto hilo lilikuwa la moto wa kuni na mahindi ya kuchoma. Leo wengi hulitafuta katika banda la kuonyeshea mpira, na juu ya benchi lililo nje ya banda hilo, ambapo maneno huanza kabla ya mchezo wala hayaishi baada yake. Na maneno yenyewe ni yale yale msimu hata msimu: timu hii itachukua ubingwa wa ligi mwaka huu, au haitachukua? Huyu ni wa Yanga, yule ni wa Simba, na wa tatu hana timu lakini hupenda kuwachochea wote wawili. Timu ya kwanza iliasisiwa mwaka 1935 na ya pili mwaka 1936, na tangu hapo utani wao umerithiwa na watoto na wajukuu, hata katika miji iliyo mbali mno na Dar es Salaam.

Wengi katika watu wa elimu huyapita mazungumzo haya na kuyaita upuuzi. Lakini atakayesimama kidogo akasikiliza ataona kwamba ndani yake mna mambo makubwa: mna itikadi, mna kiapo, mna talaka, mna mali ya watu. Na mambo haya hayawi madogo kwa sababu yametajwa katika mpira.

Ichukuliwe mfano wa Zaidi na Amri, majina ambayo wanafunzi wa nahau na wa fiqihi wameyazoea vitabuni, wala hayakusudiwi kwa mtu yeyote wa mtaani. Zaidi, ambaye ni wa Yanga, amesimama mbele ya wenziwe akasema: "Wallahi ubingwa mwaka huu ni wetu, na tusipouchukua, mke wangu ameachika." Amri, ambaye ni wa Simba, akamjibu: "Mtani, maneno matupu hayavunji mfupa. Weka mbuzi, nami niweke wangu." Watu wakacheka sana. Mzee mmoja aliyekuwa akipita, ametoka kuswali Alasiri, akasimama akauliza: "Kijana, hayo umeyajuaje?" Zaidi akajibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Mpira una hesabu, na hesabu haisemi uongo." Mzee akaitikia salamu, akaenda zake.

Swali la mzee huyo ndilo la kutazamwa kwanza, kwani yote yaliyobaki yamesimama juu yake.

Wanazuoni wa usuli wamezipanga hali za moyo wa mtu mbele ya khabari kwa daraja. Iko yakini, nayo ni kulijua jambo kama lilivyo bila ya kutikisika. Iko dhana, nayo ni kuona uwezekano wa pande mbili huku upande mmoja una nguvu kuliko mwingine. Iko shaka, ambapo pande mbili zimelingana. Na iko wahamu, ambayo ni kushikamana na ule upande dhaifu. Mtoto wa madrasa huyajua haya katika mwaka wake wa mwanzo wa usuli, lakini ni wachache watu wazima wanaojiuliza, wakati ulimi unapokwenda mbio, wamo katika daraja gani.

Zaidi amesema kwamba anayo hesabu. Na itazamwe hesabu hiyo. Ligi ya timu kumi na sita humpa kila mshindani mechi 30, na kila ushindi una pointi 3, basi upeo wake ni pointi 90. Katika msimu wa 2024/25 Yanga walimaliza na pointi 82 na Simba 78. Mtu akizisoma tarakimu hizo leo ataona kwamba jambo lilikuwa wazi. Lakini siku ya 25 Juni 2025, timu hizo zilipoingia uwanjani kwa mechi ya mwisho, baada ya mchezo huo kuahirishwa tangu 8 Machi, Yanga walikuwa na pointi 79 na Simba 78. Mechi 29 zilikuwa zimekwisha kuchezwa, na hesabu ilikuwa haijasema kitu. Laiti Simba wangelishinda, kombe lingelikuwa lao. Yanga wakashinda kwa mabao 2 kwa 0, ndipo tarakimu zikapata ulimi. Na katika msimu wa 2016/17 lilitokea la ajabu zaidi: timu hizo mbili zilimaliza zikiwa na pointi 68 kila moja, Yanga wakapewa ubingwa kwa wingi wa mabao, na ndani ya msimu huo huo Simba walikuwa wamepewa mezani pointi tatu za mechi yao na Kagera Sugar, kisha wakanyang'anywa. Basi hesabu ya mpira haisemi uongo, ni kweli, lakini husema baada ya jambo kwisha. Kabla ya hapo humpa mtu dhana tu.

Na watu wa Sumbawanga hawana haja ya kupelekewa mifano kutoka mbali. Msimu wa 2020/21 timu ya Tanzania Prisons ilikuwa ikicheza nyumbani katika uwanja wa Nelson Mandela, hapo hapo mjini, na siku ya 22 Oktoba 2020 iliwafunga Simba, waliokuwa mabingwa, bao 1 kwa 0. Siku chache baadaye Simba wakafungwa tena na Ruvu Shooting. Wapenzi wa Yanga walishangilia, na wako waliosema kwamba ufalme wa Simba umekwisha. Yanga nao waliendelea bila ya kufungwa hata mwezi wa Machi 2021, walipofungwa na Coastal Union kule Tanga. Na mwisho wa msimu kombe lilichukuliwa na nani? Lilichukuliwa na Simba, wale wale waliofungwa Sumbawanga. Aliyeapa mwezi wa Oktoba aliapa juu ya alichokiona kwa macho yake, na macho yake hayakumdanganya. Kilichomdanganya ni kule kukigeuza alichokiona kuwa elimu ya asichokiona.

Likisemwa kwamba sharia yenyewe imejengwa sehemu kubwa juu ya dhana, basi kwa nini mshabiki azuiwe, jawabu ni kwamba hakuzuiwa kuwa na dhana, wala kuisema. Siku ya mawingu mazito, musafiri aliyepotewa na kibla katika nyanda za Ufipa hujitahidi, akaelekea kaskazini na kuinama kidogo mashariki, akaswali, na swala yake ni sahihi. Mkulima hupanda mahindi yake mvua zinapoanza, na hana mkataba na mawingu. Hao wamefanya amali kwa dhana iliyo na dalili, nalo ni jambo la lazima katika maisha, kwani mtu akingoja yakini katika kila jambo hatakula wala hataoa. Lakini musafiri yule haapi kwamba kibla ni pale, wala mkulima haandiki deni juu ya magunia ambayo hayajaota. Basi mtu akisema, "Naona timu yangu itachukua, kwa kuwa ina walinzi madhubuti na kipa hodari," amesema dhana yake, na hana makosa. Akisema, "Itachukua inshallah," amesema vyema zaidi. Akisema, "Itachukua, litake lisitake," hapo amevuka mpaka.

Na jambo hili la kusema inshallah si pambo la maneno. Katika Suratul Kahf mna makatazo ya kusema juu ya jambo kwamba litafanywa kesho pasi na kulifunga na matakwa ya Mwenyezi Mungu, na wafasiri wamesimulia kwamba sababu ya kushuka kwake ni kwamba Makureshi walimwuliza Mtume (S.A.W.) maswali, akawaahidi jawabu kesho yake bila ya kuitaja ile istithnai, wahyi ukachelewa siku kadhaa hata akahuzunika. Huyo ni Mtume, na alikuwa akingoja khabari kutoka mbinguni. Sembuse mtu anayengoja khabari kutoka kwa mshambuliaji ambaye huenda akavunjika mguu mazoezini!

Na kuna kisa kingine ambacho kila mpenzi wa timu yapasa akijue, maana ni kama kwamba kilisimuliwa kwa ajili yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, na ngamia huyo alikuwa hapitwi katika mashindano. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, nyuso zao zikabadilika. Mtume alipoliona hilo aliwaeleza kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kitakachonyanyuka ila atakishusha. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Anas bin Malik.

Yapasa kutazama vizuri yaliyomo. Masahaba walihuzunika kwa kushindwa kwa ngamia, nao ni masahaba. Basi huzuni ya mpenzi wa timu si jambo la kuchekwa, ni tabia ya moyo wa binadamu. Wala hawakukemewa kwa kuhuzunika. Walichofundishwa ni kwamba walikuwa wamejenga ndani ya nyoyo zao, bila ya kujua, itikadi kwamba Al-Adhbaa hapitwi, na itikadi hiyo haikuwa na msingi, ijapokuwa kila shindano lililopita lilikuwa limeishuhudia. Basi na akumbukwe Ihefu. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila ya kufungwa, na siku ya 29 Novemba 2022 wakaenda Mbarali, katika mkoa wa Mbeya, kucheza na Ihefu, timu iliyokuwa miongoni mwa za chini kabisa katika msimamo. Wakafungwa mabao 2 kwa 1. Bedui alikuja juu ya ngamia kijana! Na mwisho wa msimu huo huo Yanga wakachukua ubingwa, na aliyeapa siku ile kwamba wamekwisha naye akaaibika. Basi kisa kinakata pande zote mbili: asijidai aliye juu, wala asikate neno juu ya aliyeanguka.

Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo, tangu 2017/18 hata 2020/21, na Yanga wakauchukua mara nne mfululizo, tangu 2021/22 hata 2024/25. Katika kila moja ya miaka minane hiyo walikuwako walioona kwamba hali ile itadumu.

Ama watakaosema, "Haya yote ni utani wa jadi, na utani hauna hukumu," hao yapasa wasikilizwe, kwa kuwa neno lao lina sehemu ya kweli. Utani ni jambo jema katika nchi hii. Umezima ugomvi mwingi na umewaunganisha watu wa makabila mbalimbali, na mtu humtania mtani wake msibani asikasirikiwe. Lakini utani una mipaka yake, na katika mipaka hiyo ni talaka. Imepokewa hadithi ya Mtume kwamba mambo matatu, uzito wake ni uzito na mchezo wake ni uzito: nikahi, na talaka, na kumrejea mke. Basi Zaidi hapati kujificha nyuma ya kicheko cha wenziwe.

Na hukumu yake katika madhehebu ya Imam Shafii ni hii. Talaka iliyofungamanishwa na sharti huanguka sharti likitokea, akiwa msemaji ni baleghe, mwenye akili, na hakulazimishwa. Na sharti la Zaidi ni la kukosekana kwa jambo ndani ya muda maalumu: ameachika "tusipouchukua mwaka huu". Basi haianguki siku timu yake inapofungwa mechi moja, wala mbili, wala inaposhuka hata nafasi ya tano. Bali huanguka pale tamaa inapokatika kabisa, yaani timu nyingine inapokuwa mbele kwa pointi ambazo mechi zote zilizobaki haziwezi kuzifikia. Na kwa kuwa yaliyotokea mwaka 2017 yameonyesha kwamba pointi huweza kupewa na kunyang'anywa mezani, si mbali kusemwa kwamba tamaa haikatiki hata wenye ligi wathibitishe. Tazama sasa mahali alipojiweka mtu huyu! Kila Jumamosi mke wake amekaa ndani ya nyumba, anakaanga maharagwe, na ndoa yake inachezwa uwanjani na vijana ambao hawamjui, na baadhi yao wametoka Kongo au Burkina Faso. Huenda yeye mwenyewe hana khabari ya kilichosemwa bencheni. Watoto wake hawana khabari. Na mume anapopiga kelele za bao, kelele hizo zina maana ambayo jirani hawaijui. Je, huu ni upenzi wa mpira, au ni dhulma iliyovishwa jezi?

Likitokea la kutokea, asifanye mchezo wa pili juu ya mchezo wa kwanza kwa kusema hakukusudia. Aende kwa mwanachuoni, kisha kwa kadhi, aseme maneno yake kama alivyoyatamka, kwani hukumu hubadilika kwa herufi moja. Na ikiwa ni talaka ya kwanza au ya pili, na mke aliingiliwa, ana haki ya kumrejea ndani ya eda.

Ama kiapo chake cha "Wallahi ubingwa ni wetu", hapa pana upambanuzi. Ikiwa neno wallahi limempitia ulimini kwa mazoea, kama limpitiavyo muuza ndizi sokoni, wala hakukusudia kuapa, basi hicho ni kiapo cha upuuzi, hakina kafara, ijapokuwa ni adabu mbaya kulichezea Jina tukufu. Na ikiwa alikusudia kuapa na ubingwa ukakosekana, amevunja kiapo na kafara imemlazimu: kuwalisha masikini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula kikuu cha mji, nacho Sumbawanga ni mahindi, au kuwavisha, asipoweza, afunge siku tatu. Na lau angeliunganisha kiapo chake na inshallah, kwa makusudio ya kulifunga jambo na matakwa ya Mola tangu kabla ya kumaliza maneno yake, asingelazimika na kitu. Neno moja fupi lingelimwokolea vibaba kumi.

Huenda mwanafunzi hodari akapinga akisema: wanazuoni wa Kishafii wamemruhusu mtu kuapa kwa kutegemea dhana yenye nguvu, kama vile aliyekuta hati ya baba yake, naye anaiamini, inayosema kwamba fulani ana deni lake, basi Zaidi naye ana dhana yenye nguvu. Hoja hii ni nzuri, lakini haifiki. Deni lile ni jambo lililokwisha kuwa. Ama liko ama haliko, na hati ni alama yake. Ubingwa wa msimu usiokwisha hauna alama yoyote duniani, kwa sababu wenyewe haujawa. Nguvu ya kikosi ni sababu, na sababu si alama ya jambo lililokwisha kutokea. Anayeuona moshi anajua uko moto. Lakini anayeuona kuni hajui kwamba mtu atakuja kuziwasha.

Na hapa ndipo wanapoingia wale walioelemea upande wa pili, wasemao kwamba maadamu kila kitu kimekwisha kuandikwa, basi hakuna haja ya mazoezi wala ya mwalimu wa mpira, atakayechukua atachukua. Hao wameikimbia mvua wakaingia mtoni. Kadari haikuandika matokeo peke yake na kuziacha sababu. Imeandika sababu na matokeo pamoja, na mtu ameamrishwa sababu, hakuamrishwa matokeo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya jirani zao watu wa Ufipa, kule Rungwe, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara, nayo ilikuwa ngeni katika daraja hiyo. Na kule Uingereza, mwanzoni mwa msimu wa 2015/16, wacheza kamari walikuwa wakiahidiwa pauni 5,000 kwa kila pauni 1 juu ya Leicester City kuwa bingwa, na ikawa bingwa. Lau wachezaji wale wangeliambiana kwamba yameandikwa ya wakubwa, wasingeliamka asubuhi kwenda kukimbia. Wao hawakuyajua yaliyoandikwa, kama wasivyoyajua wengine. Walichokijua ni kwamba kesho kuna mazoezi.

Kuomba dua timu ishinde, katika jambo la halali, hakuna ubaya. Isipokuwa aombaye akumbuke kwamba upande wa pili nao kuna Mwislamu aliyenyanyua mikono, na asidhani kwamba kushindwa ni alama ya kukasirikiwa. Ama kwenda kwa mganga kuzindika goli au kufunga miguu ya wageni, hilo halihitaji maelezo marefu. Wazee husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Ingelikuwa aibu ya ajabu wenyeji wa mji wenye jina hilo wauokote kwa ajili ya mpira.

Na liko jambo moja la saa ambalo watu wa Kasense yawapasa kulizingatia kuliko watu wa pwani. Jua la Sumbawanga huzama nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa kadiri ya nusu saa. Mechi ianzayo saa moja ya usiku humkuta mtu wa Dar es Salaam, aghalabu, Magharibi imekwisha kuingia na ameweza kuiswali. Humkuta mtu wa Ufipa katika wakati wenyewe wa adhana, au karibu yake sana. Na wakati wa Magharibi ni mfupi. Ratiba haikupangwa kwa kumwangalia yeye, basi ajipangie mwenyewe.

Limebaki la mbuzi, na ndilo linaloleta mabishano zaidi, kwa kuwa watu husema: huyu ameridhia na huyu ameridhia, basi haramu iko wapi? Na wengine waliosoma kidogo hutoa hoja ya Sayyidna Abubakar (R.A.), na kisa hicho ni cha kweli. Warumi walishindwa na Wafursi, na kiasi cha mwaka 614 Baitul Maqdis ikatekwa. Makureshi wakafurahi, kwa kuwa Wafursi hawakuwa watu wa kitabu. Ikashuka Suratul Rum ikieleza kwamba Warumi watashinda ndani ya miaka michache. Abubakar akaweka dau la ngamia na mmoja wa washirikina, akataja miaka. Mtume akamwelekeza aurefushe muda, kwa kuwa neno lililotumika huchukua baina ya tatu na tisa. Na Warumi wakashinda. Lakini yatazamwe mambo mawili. La kwanza, zimesema riwaya kwamba hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa kamari, na aliyekula siku iliyo halali si hoja kwa alaye siku iliyo haramu. La pili, ambalo ndilo la mazingatio, ni kwamba Abubakar hakuweka dau lake juu ya dhana. Alikuwa na wahyi. Yeye peke yake katika Makka nzima, pamoja na waumini wenziwe, alikuwa na yakini juu ya vita ambavyo havijapiganwa. Basi atakayetaka kumfuata Abubakar katika dau, kwanza alete aya.

Mashindano yenye zawadi yana mlango wake katika fiqihi, na Imam Shafii anatajwa kuwa wa kwanza kuuandikia mlango huo kitabu, naye mwenyewe alikuwa mpiga mishale hodari. Lakini mlango huo ni wa farasi, na ngamia, na mishale, na mfano wake katika zana za jihadi. Na zawadi hutolewa na mtu wa nje, au na mmoja wa washindani peke yake, au pawe na mshindani wa tatu asiyetoa kitu. Wala haukufunguliwa kwa watazamaji walioketi bencheni. Zaidi hapigi mpira, na Amri hapigi mpira. Kila mmoja wao ametoa mbuzi na amesimama baina ya kupata na kukosa, na huo ndio uso wa kamari, usio na utaji.

Na kamari ya bencheni ni ndugu mdogo wa ile iliyo katika simu, ambayo vijana huiita mkeka. Tangu mwaka 2017, ilipofika SportPesa kuwadhamini Simba na Yanga, jina la kamari limekuwa likivaliwa vifuani, hata watu huingia nalo msikitini. Na swala ya mwenye kulivaa inasihi, lakini mamuma aliye nyuma yake anasoma nini? Wenye mikeka nao husema kwamba wana hesabu. Basi hii hapa hesabu. Mwenye duka la kamari akiahidi kulipa mara 2.50 kwa ushindi wa timu ya kwanza, mara 2.50 kwa ushindi wa timu ya pili, na mara 4.00 kwa sare, mtu atakayetaka kupata shilingi 100,000 kwa vyovyote itakavyokuwa itambidi aweke 40,000 kwa ya kwanza, 40,000 kwa ya pili, na 25,000 kwa sare. Jumla ni 105,000. Zile 5,000 zimekwisha kuliwa kabla filimbi haijapigwa. Na anayepanga mechi kumi katika mkeka mmoja, hata kama kila moja ana nafasi saba katika kumi ya kuipatia, nafasi yake ya kuzipatia zote haifiki tatu katika mia. Mkulima aliyeuza debe la maharagwe akaweka fedha zake humo amefanya biashara ambayo asingelikubali kuifanya na mchuuzi yeyote wa soko la Mandela.

Basi mbuzi wa Amri, ikiwa Zaidi ameshinda naye akamchukua, hakuwa mali yake. Ridhaa ya mchezaji kamari si ridhaa ya muuzaji, kwa kuwa aliridhia kwa tamaa ya kupata na wala si kwa kutoa. Amrudishe akiwa hai. Na ikiwa amekwisha kumchinja na kuwalisha watu wa bendi nzima ya washangiliaji, na nyama imeliwa na mifupa imetupwa mbwa, deni limebaki shingoni mwake kwa thamani ya mbuzi yule, ampe Amri mwenyewe, au warithi wake akiwa amekufa. Na kusema kwamba Amri naye alikula katika nyama hiyo na akaisifu hakuliondoi deni.

Wallahu aalamu.